Fedha za Mazoezi

Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa Kamiriithu, kijiji kilicho karibu na Limuru nchini Kenya, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukaa watu wapatao 2,000, wakaigiza humo mchezo wa Kikikuyu uitwao Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Historia ya siasa imezihifadhi vizuri tarehe za mkasa huo. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta kibali. Siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini takriban mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Na Machi 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Kwa sababu mwisho wake ulikuwa mchungu kiasi hicho, tumezoea kuikumbuka Kamiriithu kama kisa cha dola na mwandishi. Naona funzo lenye manufaa zaidi kwa wasanii wa leo limo katika miezi iliyotangulia ufunguzi. Mazoezi yalifanyika hadharani, wanakijiji wakija kutazama na kubaki kukosoa. Waliokuwa wakifanya kazi viwandani walieleza jinsi kibarua anavyosema na msimamizi wake. Wazee walisahihisha lugha, nyimbo na taratibu za sherehe zilizokuwamo katika mchezo. Ilipofika siku ya kufungua, watazamaji wengi walikuwa wameshaukariri, maana walishiriki kuutengeneza.

Sura hii inawahusu wasanii wa namna hiyo: wanaofanya maonyesho ya majaribio, ambamo mtazamaji hakai kimya gizani bali anajibu, anaingia uwanjani na kubadili mwelekeo wa kisa, nao wanafanya kazi hiyo mikoani, mbali na miji mikuu. Hoja yangu ni kwamba katika sanaa ya aina hii mazoezi pamoja na hadhira ndiyo kazi yenyewe, na onyesho la mwisho ni hatua mojawapo tu ya kazi hiyo. Basi msaada unaomfaa msanii huyu ni ule unaolipia muda wake wa mazoezi, palepale anapoishi, kwa kipindi cha kutosha. Fedha nyingi zinazotengwa kwa ajili ya sanaa katika nchi zetu hulipia vitu vingine: tamasha la siku tatu, ujumbe uliokwisha kuandikwa ofisini kwa mfadhili, au bidhaa itakayouzwa ili mkopo urudi. Ndiyo maana tuna wabunifu wengi na majaribio machache mno yaliyoachwa yakomae.

Kwanza tuangalie kwa nini mikoani. Wengi hudhani kwamba kumsaidia msanii wa mkoani ni kumhurumia, kwa kuwa yuko mbali na kumbi, vyombo vya habari na balozi. Upungufu huo upo kweli. Lakini ukitazama majaribio makubwa ya maonyesho shirikishi katika Afrika Mashariki utakuta mengi yalifanyika nje ya miji mikuu, na hilo halikuwa jambo la bahati. Maonyesho shirikishi yanahitaji hadhira inayofahamiana. Mtazamaji anaposimama kumpinga mhusika anayefanana na mwenyekiti wa kijiji, uzito wa kitendo hicho unatokana na kwamba mwenyekiti huyo yupo, ameketi benchi la mbele, na kesho wawili hao watakutana kisimani au mnadani. Katika ukumbi wa Dar es Salaam au Nairobi, ambamo watu wamekata tiketi na hawajuani, tendo lilelile linabaki burudani. Kwa hiyo mkoani ndiko iliko malighafi kuu ya sanaa hii. Kumhamishia msanii mjini ili apate msaada ni kumtenga na kile kilichoifanya kazi yake istahili msaada.

Mfano wa Malya unalionyesha jambo hili vizuri. Malya ni kijiji cha Wilaya ya Kwimba, Mkoa wa Mwanza. Kati ya mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi hapo na wanakijiji. Hawakuja na mchezo mfukoni. Walianza kwa kuuliza na kusikiliza: wanakijiji wenyewe waliona tatizo gani linawasumbua? Mojawapo lililojitokeza ni mimba za wasichana wa shule na hali ya vijana waliokosa shughuli. Kutokana na mazungumzo hayo yakatengenezwa maigizo yaliyochanganya mazungumzo, nyimbo na ngoma za mahali hapo, kisha baada ya onyesho ukafanyika mjadala wa hadhara, na mjadala ukazaa maigizo mengine. Wasanii waliondoka, wakarudi, wakaondoka tena. Jambo moja katika mfuatano huo huwa linapuuzwa. Kusema mbele ya wazazi, walimu na viongozi juu ya nani anawapa mimba wanafunzi si kitu cha kufanyika katika ziara ya kwanza. Mara ya kwanza watu hucheka na kupiga makofi. Mara ya pili mmoja hutaja aina ya mtu bila kumtaja jina. Ukweli wenyewe hungoja mpaka wenyeji waone kama mgeni atarudi. Mlama alieleza mbinu hii na matatizo yake katika kitabu alichokichapisha mwaka 1991, na atakayekisoma ataona wazi kwamba gharama kubwa ya Malya haikuwa mavazi wala taa za jukwaani. Ilikuwa muda.

Muda huo ulizaa matunda ambayo hakuna aliyeweza kuyaahidi mwaka 1982. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari za Tanzania, wasichana wakitumia maigizo kubaini wenyewe vikwazo vya masomo yao, kuviigiza mbele ya walimu na wenzao, kisha kujadili na kudai hatua. Mlama alipokuja kuliongoza shirika la FAWE, linaloshughulikia elimu ya wasichana barani, mbinu ya Tuseme ilienea katika nchi kadhaa za Afrika. Leo wapo maofisa elimu wanaoitumia bila kujua kwamba ilichipuka katika majaribio ya vijijini ya wasanii waliokuwa hawajui jibu. Anayedai faida ya haraka kutoka sanaa ya majaribio ajiulize angewapa nini wale walimu walipoanza kwenda Kwimba, wakiwa hawana cha kuonyesha ila maswali.

Baada ya hapo fedha za wafadhili ziligundua nguvu ya maigizo shirikishi, na ugunduzi huo ukaleta hasara pamoja na faida. Tangu miaka ya 1990, hasa kwa sababu ya janga la UKIMWI, vikundi vingi vya sanaa mikoani vilianza kuishi kwa kazi za kupeleka ujumbe: kondomu, chandarua, uzazi wa mpango, uchaguzi wa amani. Siidharau kazi hiyo, kwani imeokoa watu. Lakini masharti yake yaliugeuza mpangilio wa Malya juu chini. Ujumbe hufika kwanza, ukiwa umeidhinishwa, kikundi hupewa siku chache za warsha, onyesho hufanyika mnadani au stendi, watu huhesabiwa, fomu hujazwa. Mtazamaji huitwa mbele "kushiriki", ilhali jibu sahihi linajulikana tangu mwanzo na mwongozaji atamvuta mpaka alifikie. Huo ni mtihani wa darasani uliovalishwa mavazi ya maigizo. Ubaya mwingine ulionekana mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake na kulifunga shirika lake la USAID. Programu za afya zilipokatika, na kazi za sanaa zilizokuwa ndani yake zilikatika pia, kwa sababu kwenye vitabu vya hesabu sanaa hiyo haikuwahi kuandikwa kama sanaa. Ilikuwa kifungu kidogo cha uhamasishaji.

Hapa hutokea wanaosema: basi wasanii waache kutegemea misaada, waingie sokoni. Bongo Fleva ilikua bila ruzuku. Singeli ilitoka vichochoroni mwa Dar es Salaam ikafika majukwaa ya Ulaya. Kwa nini maigizo ya majaribio yabebwe? Swali ni la haki na linahitaji jibu la kiuchumi. Mwaka 1966 wanauchumi wa Marekani William Baumol na William Bowen walichapisha utafiti kuhusu uchumi wa sanaa za jukwaani, nao walieleza tatizo ambalo halijapata dawa mpaka leo. Kiwandani, mashine bora humwezesha mfanyakazi yuleyule kutoa bidhaa nyingi zaidi mwaka hadi mwaka. Jukwaani, mchezo wa waigizaji sita wa saa mbili unahitaji waigizaji sita kwa saa mbili, uwe unaigizwa mwaka 1966 au leo. Mishahara na bei za kila kitu zinapanda, tija haipandi, na pengo la gharama linazidi kupanuka. Wimbo hauko hivyo: ukisharekodiwa, msikilizaji wa milioni moja hamgharimu mwimbaji chochote cha ziada. Maonyesho shirikishi yana hali ngumu hata kuliko mchezo wa kawaida, kwa sababu hadhira ikizidi ukubwa fulani mtu hawezi tena kusema na kusikilizwa. Huwezi kuongeza viti ili upate faida bila kuharibu unachokiuza. Na watazamaji wenyewe ni wakulima, mama lishe, waendesha bodaboda na wanafunzi wa mikoani, ambao kiingilio cha kulipia gharama halisi ya kazi hiyo hawana.

Kwa sababu hiyohiyo mkopo si dawa. Tanzania ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na katika miaka ya karibuni umekuwa ukiwawezesha wasanii kwa mikopo kupitia benki. Kwa mtayarishaji wa filamu, mwenye studio ya muziki au fundi wa vinyago, mpango huo unaweza kuwa mkombozi, kwa kuwa ana bidhaa, ana mteja, na anaweza kukadiria lini atarejesha. Lakini kikundi cha Songea au Kigoma kinachotaka kukaa miezi minane kikijaribu, pamoja na wavuvi au wakulima, namna mpya ya kusimulia mgogoro wa ardhi, kitarejesha mkopo kutoka wapi? Mkopo humlazimisha msanii kujua mwisho kabla hajaanza, na kutojua mwisho ndiyo maana ya jaribio. Mfuko wa taifa unaotoa mikopo pekee umekwisha kuchagua aina ya sanaa itakayoishi, hata kama hakuna ofisa aliyekusudia hivyo. Kinachohitajika ni dirisha la ruzuku kando ya lile la mikopo, dogo lakini la kudumu.

Pingamizi la pili ninalisikia zaidi kutoka kwa wapenzi wa utamaduni. Wanasema maonyesho ya majaribio ni mtindo wa Ulaya, kwamba fedha chache zilizopo zipelekwe kwenye ngoma za asili, tusiwape watu wa kujiviringisha sakafuni na kuuita ule mchezo. Wanaosema hivi wanaisahau historia ya ngoma zetu wenyewe. Beni iliibuka katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana waliitazama bendi ya kijeshi ya wakoloni, wakachukua tarumbeta, gwaride, sare na vyeo, wakaviingiza katika mashindano ya ngoma ya Kiswahili yaliyokuwapo zamani, na wakapata kitu ambacho hakikuwahi kuonekana. Vyama vya Marini na Arinoti vilisambaa bara, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaifikisha beni mbali pamoja na askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Hilo lilikuwa jaribio, tena shirikishi, maana mtaa mzima ulikuwa upande mmoja au mwingine. Ukiongeza utambaji wa hadithi, ambao hauanzi mpaka hadhira iitikie, na majigambo ya Wahaya, utaona kwamba mtazamaji asiyesema kitu ndiye mgeni katika nchi hizi. Ebrahim Hussein alilijua hilo alipouacha muundo wa tamthilia ya vitendo na maonyesho na kuandika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizotoka mwaka 1976, kwa umbo la mtambaji mmoja mbele ya wasikilizaji wake.

Beni inatufundisha na jambo la fedha. Vyama vyake vilikuwa na ada, michango, wafadhili matajiri wa mtaani, na wajibu wa kusaidiana kwenye ugonjwa na misiba. Vyama vya ngoma ya lelemama vya wanawake wa Mombasa vilijiendesha kwa njia inayofanana. Yaani mazoezi, sare na karamu vililipiwa na watu walewale waliokuwa hadhira, kwa sababu chama kilikuwa chao. Mfumo huo ulidhoofika kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa ushindani uliowafilisi washiriki, na siamini kwamba tunaweza kuufufua kama ulivyokuwa. Ila unaondoa dhana kwamba kulipia maandalizi ya sanaa karibu na nyumbani ni wazo lililoletwa na mashirika ya nje.

Katika zama zetu mfano ninaouona wa maana kuliko yote uko Kisangani, mashariki mwa Kongo, mji ambao Kiswahili na Lingala vinasikika sokoni bega kwa bega. Faustin Linyekula, aliyezaliwa mwaka 1974 Ubundu, upande wa juu wa mto kutoka Kisangani, aliondoka Kongo katika miaka ya 1990 na kuishi Nairobi, ambako pamoja na Mkenya Opiyo Okach na Afrah Tenambergen aliunda kikundi cha Gàara, cha kwanza cha dansi ya kisasa nchini Kenya. Mwaka 2001 alirudi nyumbani na kuanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa. Angeweza kubaki hapo, au Paris, ambako milango ilikuwa imeshafunguka. Mwaka 2006 aliihamishia kazi yake Kisangani, mji ambao miaka sita kabla ulikuwa umepigwa mabomu na majeshi ya Rwanda na Uganda yaliyopigana mitaani mwake kwa siku sita. Hapo pakawa mahali pa wachezaji dansi, waigizaji, wanamuziki na watengenezaji filamu kufanya mazoezi, kujifunza na kuonyesha kazi mitaani kwa majirani. Moja ya kazi zake zinazojulikana, Tamasha la Uongo, huchanganya dansi, muziki, chakula na vinywaji na hotuba za watawala wa Kongo, watazamaji wakiwa wageni wa karamu badala ya wateja wa tiketi. Mwaka 2007 kazi hiyo ilionyeshwa Avignon, Ufaransa, na mwaka huohuo Linyekula akapewa Tuzo Kuu ya Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi.

Tuzo si ushahidi wa hoja yangu. Ushahidi ni mwelekeo wa fedha. Mapato ya ziara za Ulaya na michango ya washirika wa nje yaligeuzwa kuwa chumba, mafunzo na muda kwa vijana wa Kisangani, ambao wengi wao hawakuwa na onyesho la kumpa mtu yeyote kwa wakati ule. Atasema mtu kwamba huu bado ni utegemezi wa Ulaya, na atakuwa na haki. Linyekula ni msanii wa kipekee, na mpango unaosimama juu ya mabega ya mtu mmoja anayesafiri hauwezi kuwa sera ya mkoa. Lakini mfano huu unajibu shaka iliyo kubwa zaidi, kama mji wa mbali, wenye umeme wa kusuasua na majeraha ya vita, unaweza kubeba sanaa ya majaribio ya kiwango cha juu. Umeweza. Kilichohitajika ni mtu aliyekuwa na uwezo wa kulipia siku za kawaida.

Siku za kawaida ndizo ambazo matamasha hayazilipii. Ninayapenda matamasha na sitaki yapungue. Bagamoyo imekuwa na lake tangu mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya Chuo cha Sanaa kuanzishwa pale, na wasanii wa vizazi kadhaa wameonana na kuonekana kupitia uwanja huo. Hata hivyo tamasha ni tete. Sauti za Busara ya Zanzibar, yenye sifa duniani, ilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Kikundi kilichoegemeza mwaka wake wote kwenye tamasha moja hupoteza mwaka wote. Tena tamasha humtaka msanii alete kitu kilichokamilika, kifupi, kinachobebeka kwenye basi na kueleweka na mgeni. Kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya hadhira ya Nachingwea, yenye utani wa Nachingwea na majeraha ya Nachingwea, hupungua nguvu kila inapokaribia jukwaa la kimataifa. Afadhali mpangilio uwe wa kinyume, mahali pa mazoezi kwanza, tamasha baadaye. Mfano upo Uganda. Kwa miaka kadhaa Taasisi ya Sundance ya Marekani iliwapa waandishi na waongozaji wa Afrika Mashariki nafasi ya kukaa pamoja, mojawapo ya mahali ikiwa kisiwa cha Manda karibu na Lamu, wakishughulikia michezo isiyokamilika bila sharti la kuionyesha kwa umma. Mwaka 2014, kwa ushirikiano na taasisi ya Bayimba, likazaliwa Tamasha la Kimataifa la Maigizo la Kampala, likiongozwa na Deborah Asiimwe, aliyekuwa ndani ya programu hiyo. Tamasha lilipata cha kuonyesha kwa kuwa maandalizi yalikuwa yameshalipiwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la zahanati. Vipi halmashauri itoe hata shilingi kwa mazoezi ya maigizo wakati wodi ya wazazi haina vitanda vya kutosha? Sitalijibu kwa kusema sanaa nayo ni dawa. Huo ni ujanja wa maneno, na mama anayelala sakafuni haustahili. Jibu langu ni kwamba bajeti ya umma haijawahi kusubiri zahanati zijae ndipo ilipie mengine. Kuna mbio za mwenge, maonyesho ya biashara, michezo ya mashuleni, na vikundi vya ngoma vinavyoitwa kumpokea kiongozi, vikipewa soda na nauli. Fedha za sanaa mikoani tayari zinatumika, ila zinatumika kwa mapokezi. Ninachodai ni sehemu ndogo ya hizo ihamishwe kutoka kumchezea mgeni rasmi iende kuwasikiliza wenyeji. Na halmashauri inayotaka kujua kwa nini kina mama hawaji kujifungulia kwenye zahanati iliyopo inaweza kupata majibu zaidi katika jioni moja ya maigizo yasiyo na jibu la kupangwa kuliko katika dodoso ambalo kila mtu anajua namna ya kulijaza.

Kuna hofu nyingine ninayoishiriki: fedha za serikali huja na mkono wa serikali. Msanii anayelipwa na halmashauri ataigizaje mbele ya mkurugenzi kisa cha viwanja vilivyogawiwa kwa upendeleo? Hatari ni ya kweli, lakini kukataa ruzuku si kinga. Ukumbi wa Kamiriithu ulijengwa kwa nguvu za wanakijiji na ulibomolewa vilevile. Sheria za vibali na usajili zinamfikia msanii aliyelipwa na asiyelipwa. Kinachoweza kupunguza hatari ni kuzigawa njia za fedha, sehemu itoke mfuko wa taifa, sehemu halmashauri, sehemu michango ya wenyeji na vyama vya ushirika, na uamuzi wa nani apewe ukae mikononi mwa kamati yenye wasanii, walimu na wazee wa eneo, inayobadilishwa kila baada ya muda. Kikundi chenye vyanzo vitatu kinaweza kumuudhi mmoja na kuendelea kuishi. Chenye kimoja hakiwezi.

Mazoezi yasiyolipwa yana madhara yanayoonekana mpaka jukwaani. Huchuja watu. Anayebaki kwenye kikundi kwa miezi mingi bila posho ni kijana asiye na familia, mara nyingi mwanamume. Mama mwenye watoto wawili na genge la nyanya hawezi kuacha mauzo ya jioni mara tatu kwa wiki, hata awe na kipaji gani. Wanawake wa makamo hupotea, na pamoja nao hupotea sauti ambayo kisa cha mirathi, ndoa au ukunga hakiwezi kusimuliwa bila hiyo. Halafu tunashangaa kwa nini nafasi ya bibi kwenye maigizo ya mikoani huchezwa na kijana aliyejifunga kanga, na kwa nini ukumbi mzima unacheka pasipostahili kucheka. Nauli, chakula cha mchana na malipo ya kufidia genge lililofungwa ni mambo ya ubora wa sanaa.

Ruzuku ya mazoezi inahitaji pia kipimo chake, kwa kuwa mwenye fedha ana haki ya kuuliza. Idadi ya watazamaji ni kipimo kibovu hapa. Ikitumika, kikundi kitakwenda stendi. Kuna mambo mengine yanayoweza kuandikwa na kukaguliwa: watu wangapi walirudi mara ya pili na ya tatu, kisa kilibadilika wapi baada ya maoni ya hadhira, ni nani aliyesema ambaye katika mikutano ya kijiji huwa hasemi, na kipi kilijaribiwa kikashindikana. Hili la mwisho liwe na nafasi yake rasmi kwenye ripoti. Mkulima haulizwi magunia wiki ya kupanda, na kikundi kisinyimwe awamu ya pili kwa sababu awamu ya kwanza imezaa mchezo mbovu, mradi kiweze kueleza ubovu umetoka wapi na kitafanya nini. Awamu zenyewe ziwe za miaka mitatu, zikihuishwa kila mwaka kwa kusomwa kwa ripoti na kwa ziara ya watu wawili watakaokaa kutazama mazoezi.

Kumbi za kuanzia zipo. Kata nyingi zina jengo la jamii lililogeuzwa ghala, shule zina madarasa yanayolala tupu jioni na wakati wa likizo, na vyama vya ushirika vina maghala yanayojaa msimu mmoja tu wa mwaka. Halmashauri za Tanzania zimeshazoea kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo utaratibu wa kusajili vikundi, kuvifungulia akaunti na kuvikagua unafahamika mpaka ngazi ya kata. Ruzuku ndogo ya mazoezi ingeweza kupitia njia hiyohiyo, bila sharti la marejesho, ikisimamiwa na ofisa utamaduni wa wilaya, ambaye mara nyingi ana cheo bila bajeti. Mwaka wa kwanza huenda usiwe na bango wala mgeni rasmi. Utakuwa na orodha za mahudhurio, risiti za nauli na chakula, na daftari la maoni ya watazamaji wa mtaani, kurasa kwa kurasa, na hayo yanatosha kumwandikia ripoti diwani yeyote anayetaka kujua fedha imekwenda wapi.